Kadi ya Mtoto, Presha ya Mama

Mtoto anayezaliwa leo Simiyu, Turkana au Pemba ana jambo moja ambalo mama yake hana: kuna mtu anayemngoja kwa tarehe. Kadi yake ya kliniki inasema arudi lini na achomwe sindano gani, na asipofika, nafasi yake kwenye rejista inabaki wazi mpaka mhudumu aulize kulikoni. Mama aliyembeba mgongoni anaweza kuwa na presha ya 180 kwa 110. Atakaa kwenye benchi asubuhi nzima, hatua chache kutoka kwenye mashine ya kupimia. Mtoto atapimwa uzito, atachomwa, kadi itajazwa, na wote wawili watarudi nyumbani. Miaka ikipita, mama akianguka shambani na kupooza upande mmoja, majirani watasema ugonjwa umemjia ghafla, ilhali alikuwa akienda nao kliniki kila mwezi.

Chanjo na afya ya moyo hujadiliwa kana kwamba ni mambo ya watu wawili wasiojuana. Chanjo ni ya watoto na wafadhili. Moyo ni wa wazee na mabingwa wa hospitali kubwa. Lakini katika maeneo ambako huduma hufika kwa shida, naona yote mawili yanarudi kwenye swali moja: nani anamfuata mtu kabla hajaugua? Chanjo ilijengewa njia ya kumfikia mtu alipo. Moyo uliachwa umtafute daktari wenyewe. Na ukiangalia kwa makini mahali ambapo afya ya moyo ya watu maskini imepiga hatua Afrika Mashariki, utakuta imepita njia ileile iliyolimwa na chanjo.

Njia hiyo imegharimu nusu karne. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, Kenya mwaka 1980. Yalikuja majokofu ya mafuta ya taa, kisha ya umeme wa jua; yakaja masanduku ya barafu yanayofungwa nyuma ya pikipiki; ikaja huduma ya mkoba, ambapo muuguzi anaiacha zahanati siku iliyopangwa na kwenda kitongoji cha mbali, mizani ikaning'inizwa kwenye tawi la mwembe na kina mama wakakusanyika. Arusha ilitangulia kujaribu rejista ya kielektroniki inayomwonyesha mhudumu watoto waliokosa tarehe zao. Chini ya vifaa vyote hivyo kuna msimamo ninaouheshimu sana: mtu asipofika, mfumo hujiuliza kwanza wenyewe ulikosea wapi. Hakuna anayemwambia mtoto wa miezi tisa kwamba amepuuza afya yake.

Mtu mzima huambiwa hivyo kila siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Kenya ilifanya utafiti kama huo mwaka 2015 na kupata picha inayofanana, tena ikabainika kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Tafsiri ya haraka inayotolewa kwenye semina ni kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kupima afya. Sikubaliani nayo. Mama ambaye amebeba watoto wanne kliniki, mwezi baada ya mwezi, kwa miguu, mvua na jua, ameshaonyesha utamaduni wa kupima afya kuliko wengi wanaomhubiria. Kilichokosekana ni mtu wa kumfunga mkanda wa mashine mkononi akiwa ameshafika.

Kabla ya kuendelea na presha, kuna jambo ambalo wahamasishaji wa chanjo hulisema mara chache mno: baadhi ya chanjo wanazochoma zinalinda moyo moja kwa moja. Mjamzito akipata rubela katika miezi mitatu ya kwanza, virusi vinaweza kumfikia mtoto tumboni kwa uwezekano unaofika asilimia 90, na miongoni mwa madhara yake, pamoja na uziwi na mtoto wa jicho, ni kasoro za moyo: mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa unabaki wazi, au njia ya damu kwenda mapafuni inakuwa nyembamba. Tanzania iliingiza chanjo ya surua-rubela mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Mzazi anaambiwa ni chanjo ya vipele. Angeambiwa pia kwamba inamkinga mjukuu wake asizaliwe na moyo wenye kasoro, nadhani angeitazama kwa jicho jingine.

Dondakoo nayo, ambayo kinga yake imo ndani ya chanjo ya penta wanayopata watoto wachanga, huua kwa njia ambayo wengi hawaijui. Utando wa kooni ndio unaoonekana, lakini sumu ya bakteria wake husafiri kwenye damu na kuushambulia msuli wa moyo. Mtoto anaweza kuonekana amepata nafuu ya koo, kisha moyo ukapoteza mapigo siku chache baadaye. Nigeria ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa dondakoo mwaka 2023, katika maeneo ambayo chanjo ilikuwa imelegea. Ugonjwa ambao vijana wa udaktari walikuwa wakiusoma vitabuni ulijaza wodi.

Kwa watu wazima iko influenza, yaani yale mafua makali yanayomlaza mtu kitandani. Watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, waliripoti mwaka 2018 kwamba katika siku saba baada ya mtu kuthibitika kuwa na influenza, uwezekano wake wa kupata shambulio la moyo hupanda mara sita hivi. Jaribio kubwa lililohusisha nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, liliwachanja watu wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Chanjo haikufikia lengo kuu lililowekwa kwa kipindi chote cha jaribio, na hilo lazima lisemwe. Lakini nimonia ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na waliolazwa hospitali walikuwa wachache zaidi. Kwetu chanjo hii huipata anayeweza kulipia hospitali binafsi, au hujaji anayeshauriwa kuchanja kabla ya kwenda Makka. Mgonjwa wa moyo wa kijijini hata jina lake hajalisikia.

Hata hivyo, mahali ambapo moyo, sindano na umaskini vinakutana kwa uchungu zaidi ni kwenye koo la mtoto wa shule. Kuna bakteria wa streptokoka wanaosababisha koo kuuma na tonsesi kuvimba. Kwa watoto wengi huisha. Kwa wachache mwili, katika kupambana na bakteria hao, unageuka na kushambulia viungo vyake wenyewe: magoti na vifundo vinavimba kwa zamu, homa inapanda, na valvu za moyo zinapata makovu. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikijirudia, makovu huongezeka, mpaka valvu zinashindwa kufunguka au kufunga. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo uliotokana na homa hii, na unaua zaidi ya watu 300,000 kila mwaka. Katika nchi tajiri umekaribia kusahaulika, kwa sababu ni ugonjwa wa vyumba vilivyojaa watu na wa koo lisilotibiwa. Mara nyingi msichana anaugundua akiwa mjamzito, pale moyo wenye valvu nyembamba unapotakiwa kusukuma damu ya watu wawili.

Chanjo ya streptokoka haipo bado. Iliyopo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ya chini. Koo linalotibiwa mapema kwa penisilini mara nyingi halifiki kwenye moyo. Na mtoto ambaye tayari moyo wake umeguswa huchomwa sindano ya penisilini inayokaa mwilini kwa muda mrefu, kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili homa isirudi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika kaskazini mwa Uganda ambalo kila wizara ya afya katika ukanda huu ingepaswa kuliweka mezani. Watoto zaidi ya 102,000 walipimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Watoto 818 miongoni mwa walioonekana kuwa na dalili za awali, ambao wenyewe hawakujisikia kuumwa, waligawanywa: nusu wakachomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Waliochomwa, ni 3 tu kati ya 399 ambao ugonjwa wao ulisonga mbele. Wasiochomwa, walikuwa 33 kati ya 400.

Tazama jinsi matokeo hayo yalivyopatikana. Mtoto asiyeumwa kurudi kwa sindano yenye maumivu makali kila mwezi kwa miaka miwili ni jambo gumu. Ilisaidia kuwapo wauguzi waliowafuatilia kwa majina na makundi ya watoto wenzao waliokutana na kutiana moyo. Yaani kadi, tarehe na mtu anayeuliza kulikoni. Ni mpango wa chanjo uliobadilishwa dawa.

Sasa turudi kijijini. Sehemu nyingi za Tanzania mtoto akikohoa na koo likimuuma kwa muda mrefu, jirani atasema ni kimeo. Atapelekwa kwa mtaalamu wa mtaani akatwe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, mara nyingi kwa kifaa kilichotumika kwa wengine. Watoto wamevuja damu nyingi kwa sababu ya hili na wengine wamepata maambukizi, na streptokoka, kama wapo, wanabaki palepale. Najua ni rahisi kumlaani mzazi. Lakini mkata kimeo yupo mtaa wa pili, anafungua jioni, anapokea malipo kidogokidogo na anamsikiliza mama mpaka amalize. Zahanati iko mbali, inafungwa saa tisa na nusu, na huenda penisilini imeisha. Dawa hiyo, kwa kweli, imewahi kuadimika duniani kote kwa sababu faida yake ni ndogo mno, watengenezaji wakabaki wachache. Ukitaka kuondoa kukata kimeo, anza kwa kushindana na mkata kimeo katika yale anayoyafanya vizuri.

Hapa shule ndiyo mlango. Tangu mwaka 2018 Tanzania inawachanja wasichana dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja badala ya mbili, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Timu inayoingia shuleni na sanduku la barafu inakutana na watoto wa umri uleule ambao homa ya rumatiki hupenda kuwashika. Dakika kumi za kuwaeleza walimu kwamba koo linalouma pamoja na homa na bila mafua linahitaji kupelekwa zahanati, na kwamba magoti yanayovimba kwa zamu hayatokani na kucheza mpira, hazihitaji bajeti mpya. Zinahitaji mtu wa idara ya chanjo na mtu wa idara ya magonjwa yasiyoambukiza wakubali kupanda gari moja.

Kikwazo kinachotajwa kila mara ni imani, na kinastahili kuzungumzwa bila dharau. Watu wa pwani na bara walipokuwa chini ya ukoloni walisimuliana habari za mumiani, watu wa serikali waliodaiwa kunyonya damu za Waafrika. Hadithi zile zilizagaa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na wanahistoria wamezichukua kwa uzito kama njia ya watu kueleza walivyouona utawala uliochukua kutoka miilini mwao bila kueleza sababu. Mgeni mwenye gari, koti jeupe na sindano bado anaamsha swali lile: damu yangu inakwenda wapi? Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa umri wa kuzaa, serikali ikakanusha, na kwa miaka baadaye wahudumu wa vijijini waliendelea kujibu maswali ya utasa kuhusu chanjo nyingine kabisa.

Tanzania ilipitia mtihani mkubwa zaidi wakati wa UVIKO-19. Mwanzoni mwa 2021 Rais John Magufuli alionyesha hadharani kutoziamini chanjo hizo. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Mfano wa kiongozi ni jambo kubwa, lakini miezi sita baadaye waliokamilisha chanjo walikuwa chini ya asilimia 5 ya Watanzania. Kilichogeuza mambo ni kile walichokiita Mpango Shirikishi na Harakishi: wahudumu wakaacha kuwangoja watu hospitalini, wakawafuata nyumbani, minadani, kwenye mialo ya wavuvi, misikitini na makanisani, wakiwa na viongozi wa mtaa wanaofahamika. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa wamekamilisha chanjo. Mashaka hayakuyeyuka, watu walipata nafasi ya kumuuliza mtu wanayemjua, wakajibiwa.

Majibu hayo lazima yawe ya kweli hata pale yanapoleta ugumu. Baadhi ya chanjo za UVIKO-19, zile za teknolojia ya mRNA, zimehusishwa na uvimbe wa msuli wa moyo, kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume, na wengi wao walipona. Ugonjwa wenyewe nao huleta uvimbe huo. Sindano ya penisilini ninayoitetea hapa imewahi kufuatiwa na vifo kwa wagonjwa wachache ambao valvu zao zilikuwa zimeharibika sana, na ndiyo maana wataalamu wa moyo wa Marekani walishauri mwaka 2022 kwamba wagonjwa wa namna hiyo wapewe vidonge badala yake. Mhudumu anayeficha haya akidhani analinda imani ya watu anaikopa imani hiyo, na deni litadaiwa kwa muuguzi atakayekuja baada yake.

Nikirudi kwenye kampeni ya UVIKO-19, ninalolisikitikia ni fursa iliyotupita. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wazima wenye afya, wanaume wakiwemo, walisimama mbele ya muuguzi mwenye kalamu na daftari. Mwanaume wa miaka 45 anayejisikia mzima ndiye mtu ambaye kliniki zetu hazijawahi kumwona. Katika maeneo mengi alichomwa, akapewa cheti, akaenda zake, presha yake ikiwa haijulikani. Nguvu ya kumfikia ilishatumika. Dakika tatu zaidi zilikosa mtu wa kuzipanga.

Kwamba dakika hizo zinazaa matunda si dhana. Kuanzia 2013, mradi mmoja wa utafiti uliweka mahema katika jamii 32 za vijijini nchini Uganda na Kenya. Watu waliitwa kupima virusi vya Ukimwi, lakini wakati huohuo walipimwa presha na sukari, na waliobainika waliingizwa kwenye matibabu katika kliniki moja. Baada ya miaka mitatu, kwenye jamii zilizopata huduma hiyo kamili, asilimia 47 ya wenye shinikizo la juu la damu walikuwa wamedhibitiwa, dhidi ya 37 kwenye jamii za kulinganisha. Pengo hilo ni la maana, ingawa lina upande wake wa kusikitisha: hata pale palipofanyika kila kitu, zaidi ya nusu walibaki na presha isiyodhibitiwa.

Sababu ya hilo inatupeleka kwenye tofauti kati ya chanjo na moyo ambayo wapenda kampeni huisahau. Chanjo nyingi zina mwisho. Presha haina. Watu husema, ukishaanza dawa za presha huachi tena, na kwa hofu hiyo wengine hawataki hata kupimwa. Wataalamu huiita upotoshaji. Mimi naiona kama hesabu sahihi ya mtu mwenye kipato kidogo: anaulizwa aingie gharama ya kila mwezi, isiyo na tarehe ya mwisho, kwa ugonjwa asiousikia. Akinunua vidonge vya mwezi huu na kichwa kikatulia, ataona bora fedha ya mwezi ujao iende kwenye ada au mbolea, na ataendelea na juisi ya rosela au kitunguu saumu, ambavyo havimdai nauli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vituo vya kaskazini magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba dawa na uwezo wa kutibu presha vilikuwa zaidi hospitalini, huku zahanati, zilizo karibu na watu, zikiwa na upungufu mkubwa. Mgonjwa anahimizwa na bango lililo kijijini afuate dawa zilizo mjini.

Marekani, ambako Waamerika Weusi nao wameishi karne nyingi nje ya uangalizi wa hospitali nzuri, kuna jaribio la kwenye saluni za kunyolea linaloonyesha waziwazi tofauti inayoletwa na dawa kumfuata mtu alipo. Utafiti wa Tuskegee, ambapo kati ya 1932 na 1972 serikali iliwaacha mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila tiba, hata penisilini ilipopatikana, uliacha jeraha ambalo hakuna kipeperushi kinachoweza kulifuta. Basi mtafiti Ronald Victor na wenzake wakaenda kwenye saluni 52 za kunyolea za Los Angeles, mahali ambapo mwanaume anamwamini anayemshikia wembe shingoni. Wateja 319 wenye presha ya juu waliingia. Katika saluni za kundi moja, kinyozi alihimiza mteja abadili mwenendo na amwone daktari. Namba ya juu ya presha ikashuka kwa wastani wa 9. Katika za kundi la pili, mfamasia alikuja palepale kwenye kiti cha kunyolea, akaandika dawa na kufuatilia. Ikashuka kwa 27. Kinyozi anayeaminika alikuwapo kote kuwili, lakini dawa ilipokuja kwenye kiti matokeo yaliongezeka karibu mara tatu.

Mwanza kuna ushahidi wa nusu ya kwanza ya somo hilo. Katika vijiji 16 vya ukanda huo, viongozi wa makanisa walifundishwa kuhusu tohara ya wanaume na jinsi ya kuizungumza na waumini wao. Katika vijiji vya viongozi waliofundishwa, karibu asilimia 53 ya wanaume walitahiriwa, dhidi ya 30 kwingineko. Mchungaji, shehe, mama wa kikoba, mwenyekiti wa bodaboda: hawa wanafungua mlango ambao daktari bingwa hawezi kuufungua. Lakini tohara, kama chanjo, hufanyika mara moja, na huduma ilikuwa imeletwa kijijini. Tukimpa mchungaji kazi ya kuhubiri presha wakati dirisha la dawa ni tupu, tunatumia heshima yake kulipia upungufu wetu.

Kenya imechukua hatua ambayo naifuatilia kwa matumaini. Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akiwa na mkoba wenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, anayezunguka kaya zilezile anazoziuliza kuhusu chanjo za watoto. Hapo kadi ya mtoto na presha ya mama zimewekwa mikononi mwa mtu mmoja. Tanzania nayo ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwa ikipeleka mabingwa wake mikoani kwa tiba mkoba, kazi nzuri ambayo hata hivyo huacha swali la nani atamwona mgonjwa wiki ya pili baada ya mabingwa kuondoka. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza taasisi hiyo kwa miaka yake ya mwanzo, tangu 2025 ni mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Bingwa wa moyo sasa ndiye anayesimamia pia ajenda ya chanjo ya bara zima. Sitarajii muujiza kutoka ofisi moja, lakini hatutapata mtu anayeujua zaidi upande ulioachwa nyuma.

Wauguzi wenyewe wana pingamizi la haki: zahanati nyingi zina mhudumu mmoja au wawili, na siku ya kliniki foleni ni ya kina mama kadhaa. Ukimwongezea presha, utaharibu chanjo iliyokuwa inakwenda vizuri. Ni kweli, ikiwa kazi itamwangukia yeye. Mhudumu wa jamii mwenye mashine inayopima yenyewe anaweza kuwapima kina mama, na baba aliyemleta mkewe kwa pikipiki, wakiwa bado kwenye benchi. Wenye presha ya kawaida hawahitaji kumwona muuguzi. Waliozidi kiwango, ambao watakuwa wachache kila siku, ndio watakaoingia ndani, na tarehe yao ya kurudi iwe ileile ya mtoto, wasilipe nauli mara mbili. Mtu akishadhibitiwa, apewe vidonge vya miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, kama kliniki za Ukimwi zilivyojifunza kufanya.

Yote haya yanasimama juu ya fedha za kawaida zinazotoka kila mwezi, na hapo ndipo ninapoogopa. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kusitisha mchango wake kwa Gavi, muungano unaozisaidia nchi maskini kununua chanjo, na mwaka huohuo misaada yake mingine ya afya ilikatwa ghafla. Mhamasishaji wa Kenya aliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti, na palipo na walipaji wawili kila mmoja anaweza kumngoja mwenzake. Mkoba wake unaweza kugundua presha, lakini vidonge viko dirishani, kituoni. Bajeti zetu husomwa Juni, na takwimu za afya hutajwa kwa mabilioni ambayo mwananchi hawezi kuyashika. Mbunge au mwakilishi wa wadi anaweza kuulizwa mambo mawili madogo: je, posho ya wahudumu wa jamii iliyopangwa mwaka uliopita ilitoka yote, na kwa miezi mingapi zahanati ya kata yake ilikuwa na amlodipini, dawa ya presha, na penisilini ya sindano?